Usimpe huyo fundi TV

Mangi, mambo vipi hapo Majengo, shem na watoto hawajambo? Nimesikiliza voisi yako mpaka mwisho, eti asubuhi haiwaki, taa nyekundu inakonyeza tu, ukiipiga kofi mgongoni inawaka kama haikuwa na shida, na fundi anakwambia bodi imekufa anunue nyingine. Bodi imekufa wapi bana, maiti haiamki kwa makofi!

Huku Ngarenaro naletewa sana za hivyo, haswa baridi hii ya Julai. Mara nyingi ni bati limepasuka, lile la kuchomelea linaloshikilia vifaa kwenye bodi. Unajua Umoja wa Ulaya walipiga marufuku risasi, ile metali ya lead iliyokuwa inachanganywa kwenye bati, kwenye vifaa vya umeme kuanzia Julai 2006, viwanda vingi duniani vikahamia bati lenye fedha na shaba kidogo, lile la zamani linayeyuka kwenye nyuzi 183 ila hili linataka kama 217 na ni gumu, halinyumbuki. Sasa TV ikiwaka bodi inapata moto inatanuka, ukizima inasinyaa, kila siku hivyo hivyo, mwisho kwenye miguu ya vitu vizito kama transfoma na soketi bati linachanika kaduara. Sheria yenyewe siilaumu, risasi ni sumu na watoto ndio wanaochezea mabodi dampo, nawalaumu hao waliobania bati kiwandani.

Ila angalia kapasita kwanza, vile vikopo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi. Zikivimba kichwa nazo zinagoma kuwaka asubuhi, tofauti ni kwamba hizo zinataka joto, kofi haliziamshi.

Kabla hujafungua chomoa waya ukutani na usiguse kitu, ile kapasita kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata kama umechomoa, ipime na mita kwanza ujiridhishe imeisha. Halafu mulika tochi ya simu kwa pembeni, upande wa bati, utafute kaduara kuzunguka mguu. Usidanganyike na kung'aa, bati lisilo na risasi linafifia hata likiwa zima. Ukikaona, nyonya bati la zamani na pampu, paka flaksi, ile dawa ya kufanya bati lishike, chuma cha kuchomelea kiwe kwenye nyuzi 350 hivi, weka bati la risasi, sekunde chache tu utoe, ukikandamiza unang'oa shaba ya bodi. Na unawe mikono kabla hujashika ndizi.

Ikiwa ni ile chipu kubwa yenye vidoti vya bati chini yake hapo acha. Kuna mafundi wanaipuliza na bloa ya hewa ya moto inawaka, anakula hela yako, baada ya muda imezima tena na yeye hapokei simu.

Nitumie picha ya nyuma ya bodi leo leo nikuchoree pa kugusa. Huyo fundi akija kuichukua mwambie shem amekataa.