Barua kwa mwanangu: simu yako sikuitia kapuni

Mwanangu, assalam aleikum. Natumai ulifika Nairobi salama na ule mkate wa sinia haukuvunjika njiani. Nakuandikia manake kwa simu nikianza tu kusema nitalia, na wewe nakujua, utakata.

Jumanne mamake bi harusi alikuja hapa nyumbani. Kiti hakutaka, chai hakutaka, akanitolea simu akasema hebu tazama. Vidio ya sekunde nane. Rafiki yako yuko katikati anatafuna sambusa wala hana habari kama anachukuliwa, chini kumeandikwa NIMEKUPATA na vile vikatuni vya kucheka. Sawa. Nyuma yake sasa, ni nani yule? Ni yeye mwenyewe mama wa watu, kichwa wazi, dera kalipandisha, anacheza chakacha na mashoga zake. Mwanamke ambaye hata mwenye duka pale kona hajawahi kuona unywele wake, na hiyo vidio kaonyeshwa na kijana wa shemejiye.

Na mlangoni usiku ule wa kupamba, wanawake watupu na simu haziingii, alikuwa nani? Mimi. Lile kapu nilikamata mimi tangu saa mbili, kila anayeingia namba moja nabandika kwa simu yake, nyengine namtia mkononi, wale wa ati mimi sipigi picha nangoja mume anipigie nawaambia mume atangoja. Wazee wenye vile visimu vya tochi pia niliwachukulia, mke wa imamu nilimchukulia! Wewe ukapita na kibeti chako kwapani, nami nikajitia kuhesabu namba kwa kuwa u mwanangu. Hapo nimelala nikaamka napo, siku ya nne leo.

Nduguyo ndiye alonieleza hiyo gemu yenu. Ati mko 11, mnawindana, ukimchukua mwenzio sekunde tano hajashtuka pointi yako, akigeuka akasema nimekuona umeliwa, na haina fainali, tangu mwaka wa kwanza mwaenda tu, darasani, hosteli, kwa matatu, mpaka msalani wallahi sitaki kujua. Siwezi kukudanganya, zengine nilicheka, ile umelala kwa matatu mdomo wazi nilicheka hasa mpaka nikamuona yule mama siti ya nyuma ananyonyesha. Yeye naye yuko kwa grupu yenu? Binamu yako wa Minnesota walicheza ya kuwindana hivyo walipokuwa wanamaliza haiskuli, wao ni bastola za maji, na vidio ni ya kuonyesha tu kwamba fulani kweli karowa, wanatoka mmoja mmoja mpaka abaki mshindi basi kwisha. Yenu haina siku ya kwisha, kwa hivyo hamna siku ya kupumzika. Likizo nzima nilikuona wageuza kiti, hutaki kuupa mlango mgongo, nikadhani ni mitihani imekukaa kichwani.

Nduguyo akaanza kunisomea mambo ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ati mwaka 2023 ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kutoa picha ya mteja bila ruhusa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto. Nikamwambia hebu nyamaza, yule mama milioni hajaziuliza. Ataka aende sokoni bila kukisia kijana yupi kamuona na yupi bado.

Waikumbuka ile simu ya mtumba ya Japani ya mjomba wako? Ukipiga picha inalia kha! hata ukiizima sauti, tukaicheka Idi nzima na wewe ukasema ni mbovu. Si mbovu ile, kule zinauzwa hivyo makusudi, mtu asipigwe picha kwa siri.

Sasa skiza. Nauli nimekutumia, panda basi la Ijumaa usiku. Jumamosi tunakwenda kwake sote wawili, naanza mimi kuomba radhi manake mlango ulikuwa wangu, kisha wewe, na usiseme ilikuwa gemu. Simu uje nayo uifute mbele yake. Hao wenzako 10 wafute kabla hujapanda basi, na aloirusha nje ya grupu amtafute kila aliyemtumia, hata ikimchukua usiku kucha.

Jana wenye harusi ya wiki ijayo walituma mtoto aje kuchukua kapu na zile namba. Wamepata mtu mwengine wa kusimama mlangoni. Nimezifunga namba kwa mpira nikampa.

Uje na chaja ya nduguyo, anaiulizia.

Mamako