Risala ya Wanafunzi wa Ufundi wa Malori kwa Mgeni Rasmi: Kupima Nguvu ya Lori Bila Kumuumiza Mtu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu,
Wazazi na walezi,
Wageni waalikwa,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua ratiba yako imebana, na mwalimu wa zamu ametuonya kwamba risala isizidi kurasa tatu. Tumejitahidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi ni wanafunzi 22 wa mwaka wa mwisho wa ufundi wa malori. Tungeweza kukueleza idadi ya madawati na spana tulizonazo, lakini hayo yamo kwenye taarifa ya Mkuu wa Chuo. Sisi tunaomba tukueleze kazi moja tu tuliyoifanya mwaka huu, iliyotugharimu muda kuliko mitihani yote: kupima lori lina nguvu za farasi ngapi, na linachukua muda gani kuchomoka.

Kazi hii ilianza kwa ubishi. Wenzetu wawili walibishana malori gani ya nyumbani kwao yana moto zaidi, na ubishi ukafikia mahali pa kupanga kuyashindanisha barabarani usiku, magari mengine yakipungua. Mwalimu wetu wa injini alizipata habari. Hakugomba. Alisema, "Mkitaka namba, nitawapa namba. Mkitaka maiti, nendeni barabarani." Kesho yake kipindi kilianza kwa James Watt.

Watt, katika karne ya 18, alikuwa na injini za mvuke za kuuza, na wateja wake walikuwa wenye farasi. Akakadiria farasi mmoja anafanya kazi ya pauni-futi 33,000 kwa dakika, yaani kuinua pauni 33,000 kwa futi 1 kila dakika, na kipimo kikabaki hivyo: wati 745.7. Wanaotumia metriki wana farasi wao, anayeinua kilo 75 kwenda juu mita 1 kwa sekunde 1, sawa na wati 735.5. Ndiyo maana lori moja linaweza kuandikwa namba mbili tofauti kidogo na zote zikawa kweli.

Jambo lililotufungua macho ni kwamba nguvu za farasi hazipimwi moja kwa moja. Kinachopimwa ni toki, yaani nguvu ya kuzungusha, pamoja na mizunguko ya injini kwa dakika. Ukizidisha toki kwa mizunguko, kisha ukagawa kwa 9,549, unapata kilowati. Injini ya dizeli inayotoa nyutoni-mita 2,500 kwenye mizunguko 1,200 inakupa kilowati 314. Injini hiyohiyo ikifika mizunguko 1,700 toki imeshashuka hadi 2,000, lakini kilowati zimepanda hadi 356. Dereva anayesema lori lake "linavuta" na yule anayesema lake "linakimbia" wanaweza kuwa wanazungumzia injini moja kwenye mizunguko tofauti. Ubishi wa wenzetu ulikufia hapo, ingawa mmoja wao hajakubali mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, namba ya kwenye karatasi za gari hupimwa kwenye injini. Ile inayosukuma barabara iko kwenye magurudumu, baada ya giaboksi, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) na difu (gia za ekseli ya nyuma) kuchukua kodi yao. Tena si kila namba ya injini ilipimwa kwa namna moja. Kule Marekani, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, watengenezaji walitangaza nguvu ya injini iliyopimwa bila mizigo yake ya kawaida, kama feni na bomba lake halisi la moshi. Walipohamia kwenye kipimo cha injini ikiwa na vifaa vyake vyote, namba za matangazo zilishuka bila injini yenyewe kuguswa. Kwa hiyo sisi tukiambiwa "farasi 400", swali letu la kwanza ni: zimepimwa wapi?

Tulianza na njia isiyohitaji mashine kubwa. Tulipata kipande cha barabara kilichofungwa, kisichopitiwa na gari wala mtu, chenye urefu wa mita 700 hivi. Lori dogo la chuo tulilipitisha kwenye mizani likiwa na dereva, mwandishi, tangi lililojaa na magunia ya mchanga: kilo 5,200. Ukijua uzito, na ukajua sekunde zilizotumika kutoka kasi moja hadi nyingine, unajua nishati iliyoingia kwenye lori. Ukigawa kwa sekunde unapata nguvu.

Hatukupima kuanzia lori likiwa limesimama. Kuondoka kwa kishindo kunaunguza klachi, kunazungusha matairi bure, na mwisho wake unakuwa umepima mguu wa dereva badala ya injini. Tulitumia gia moja, kutoka kilomita 30 hadi 70 kwa saa, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka chini. Kasi ilisomwa na kifaa cha GPS kinachorekodi mara 10 kwa sekunde, kwa sababu spidomita ya gari kwa kawaida husoma juu kidogo ya ukweli. Dereva hakuruhusiwa kutazama kitu kingine chochote zaidi ya barabara. Hilo tulilisisitiza sana, maana mtu anayetazama saa huku lori linachapuka hajui kilicho mbele yake.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja alisimama ukingoni mwa barabara na saa mkononi, mahali tulipokadiria lori lingefika kilomita 70, na magunia ya mchanga tulikuwa tumeyapanga tu bila kuyafunga. Dereva alipokanyaga breki, gunia moja liliruka juu ya bodi na kuanguka hatua chache kutoka alipokuwa. Hakuumia. Tulikaa chini kama nusu saa bila mtu kusema kitu, na siku hiyo hatukupima tena. Tangu hapo mzigo hufungwa kwa mikanda na kukaguliwa na mtu ambaye hakuufunga, na hakuna anayesimama kando ya njia. Kifaa kinarekodi chenyewe, hakihitaji shahidi.

Pia tulitenga mita 200 za mwisho kwa ajili ya kusimama tu. Kwa kilomita 70 kwa saa, dereva anayechukua sekunde 1 kabla ya kugusa breki ameshapita mita 19, na breki nzuri kwenye lami kavu zitaomba mita 40 nyingine hivi. Umbali wa breki huongezeka mara nne kasi ikiongezeka mara mbili, na lori lenye breki za upepo huchelewa kidogo zaidi kwa kuwa hewa inabidi isafiri kwenye mabomba. Kati ya jaribio na jaribio tuliziacha breki zipoe. Lori la tani 40 likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, karibu megajuli 10 huishia kuwa joto, na sehemu kubwa inaingia kwenye breki. Ukirudia mara tatu mfululizo unakaribisha breki zisizoshika.

Matokeo yalitushangaza. Kwenda, sekunde 12.5. Kurudi, sekunde 15.5. Lori lilelile, dereva yuleyule. Barabara tuliyoiona imenyooka kama meza ilikuwa na mteremko wa chini kidogo ya mita 1 kwa kila mita 100, ambao macho hayauoni lakini injini inaujua. Tulikokotoa nguvu ya kila upande, kilowati 64 na kilowati 52, tukachukua wastani wake, 58. Kisha tukaliachia lori litembee bure gia ikiwa nyutro, pande zote mbili, tukahesabu linavyopoteza kasi kutoka 55 hadi 45: sekunde 20. Hiyo ilituonyesha kwamba upepo na msuguano wa matairi vinakula kama kilowati 10 kwa kasi hiyo. Jumla ikawa kilowati 68, au farasi 91 kwenye magurudumu. Karatasi za lori zinasema 130.

Wapo waliotaka kuliita lori bovu. Si bovu. Zile 130 ni za kilele, na ni za kwenye injini. Zetu ni wastani wa safari nzima ya injini kutoka mizunguko ya chini hadi ya juu, baada ya difu, na hatukuhesabu nguvu inayotumika kuzungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) na magurudumu yenyewe. Kwa kujua kama injini imepona baada ya kubadilishwa nozeli zinazopulizia mafuta, kipimo chetu kinatosha kabisa, mradi kirudiwe kwa uzito uleule, barabara ileile na hali ya hewa inayokaribiana. Kwa kubishana na jirani hakifai.

Baadaye tulitembelea karakana yenye dinamomita ya rola, yaani mashine ya kupima nguvu ambayo magurudumu ya lori huzungusha rola zake, hivyo lori linakimbia likiwa limesimama. Tulitegemea kuona mahali salama kuliko barabarani. Ni salama zaidi kwa wapita njia, lakini ina hatari zake, na tulizionea huko. Kokoto iliyokwama kwenye mfereji wa tairi ilichomoka na kugonga ukuta wa nyuma kwa mlio wa risasi. Tangu tuanze kuingia humo fundi mkuu alikuwa ametukataza kusimama mbele au nyuma ya lori, na tulidhani anatuonea. Matairi hukaguliwa kabla, kokoto huondolewa moja moja. Lori hufungwa kwa mikanda mbele na nyuma, pande zote, kwa kuwa likipanda juu ya rola likiwa kwenye mwendo halina mtu wa kulizuia. Lori lenye ekseli mbili za kusukuma halipandishwi kwenye rola za ekseli moja kwa kubahatisha. Feni kubwa huwekwa mbele ya rejeta, kwa sababu upepo wa safari haupo. Na moshi huvutwa nje kwa bomba, maana kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Tulijifunza pia kwamba rola ambazo ni mapipa mazito tu, zinazopima kwa muda wa kuyazungusha, hazilitendei haki lori la dizeli lenye turbo, yaani pampu inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Kwa injini ya lori mzigo huo ni mwepesi, injini inapanda haraka, turbo haijapata nafasi ya kujaza. Zinahitajika rola zenye breki inayoishikilia injini kwenye mizunguko iliyochaguliwa. Wazo hilo la kuipa injini breki na kupima inavyoisukuma ni la zamani. Mfaransa Gaspard de Prony alilibuni mwaka 1821 kwa breki ya mbao na mkono wenye uzito.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto zetu ni tatu, nazo ndizo maombi yetu. Barabara iliyofungwa tuliipata kwa hisani ya siku chache. Tunaomba utusaidie kupata kibali cha kudumu cha sehemu kama hiyo. Karakana yetu haina bomba la kuvuta moshi, na sasa tunafanyia kazi zote za injini mlangoni. La tatu ni rola zenye breki, hata zilizokwisha tumika, zinazobeba ekseli mbili. Tunajua ombi hilo ni kubwa. Kama itabidi kuchagua, tunaomba bomba la moshi kwanza.

Lori lenyewe lipo nje, magunia yakiwa yamefungwa, na daftari la vipimo liko kwenye kiti cha abiria. Baada ya ratiba hii tutafurahi ukilikagua. Maswali yote yatajibiwa na wale wenzetu wawili waliobishana.

Tunaomba kuwasilisha.