Usiikatae bado hiyo divai

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua imefika: sampuli ya divai nyekundu changa mliyoletewa inanuka, ni kali, inakausha ulimi. Kabla hujamjibu mwenye divai, hakikisha ubovu ni wa divai yenyewe, si wa sampuli.

Tazama chupa. Sampuli iliyotolewa pipani ikatiwa kwenye kichupa kisichojaa hadi shingoni hupigwa na hewa. Siku chache tu, harufu ya matunda imekwisha na rangi ya ukingoni inageuka hudhurungi. Hiyo usiihukumu. Omba nyingine iliyojaa pomoni, muionje mapema.

Joto liwe nyuzi 16 hadi 18. Ikiwa baridi, ukakasi unazidi. Ikipata joto, kileo ndicho kinachopanda puani. Mimina mililita 50 hivi, nusa kabla ya kuizungusha, zungusha, nusa tena.

Puani ndipo penye kazi. Harufu ya yai viza ni ya salfaidi, yaani misombo ya salfa: hamira ilikosa lishe wakati wa kuchachuka, au divai ilinyimwa hewa. Imimine glasi hadi glasi mara kumi, ngoja nusu saa. Mara nyingi huondoka. Ikigoma, zamisha kipande safi cha shaba katika glasi moja. Harufu ikififia, mwizi umemjua, ila glasi hiyo imwage. Harufu ya boksi lililolowa au ya kuvu hutoka kwenye kizibo: hewa haiitoi, fungua chupa nyingine. Harufu ya siki au ya rangi ya kupaka kucha ikitawala, basi divai yenyewe imeharibika, na hapo mezani dawa hakuna.

Sasa ionje. Funda dogo, vuta hewa kidogo juu yake, izungushe mdomoni sekunde kumi, tema. Ukakasi peke yake katika divai nyekundu changa si kasoro. Tafuta chini yake: tunda lipo katikati ya ulimi? Likiwepo, tanini, yaani vitu vya maganda na mbegu za zabibu viletavyo ukakasi, zitalainika kwa miaka. Pakiwa patupu, kungoja hakutaongeza kitu. Uchachu wa tofaa bichi unaochomachoma ulimi huenda ni asidi ya maliki ambayo bakteria hawajamaliza kuigeuza kuwa asidi ya laktiki, iliyo laini zaidi. Muulize mwenye divai hatua hiyo imefikia wapi.

Ukakasi hulimbikizana mdomoni, kwa hiyo kunywa maji na utafune mkate mtupu kati ya funda na funda. Inayobaki izibe, uionje tena kesho yake, kisha uniandikie harufu ipi imebaki na ipi imeondoka.

Dada yako akupendaye