Fremu iliyoziba ubeti

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wa safu yenu ya sanaa. Wiki iliyopita alisema msanii anayechora na huku anatunga mashairi ni mshika mbili, moja litamponyoka. Mimi ni mmoja wao. Nachonga picha kwenye ubao, naupaka wino kwa rola na kupiga chapa kwenye karatasi. Ndani ya picha huchonga na ubeti. Huu ni mwaka wangu wa 22.

Kuna kinachoponyoka kweli, lakini sicho alichodhani yeye.

Ubao wangu hubeba mstari wa mizani 16, yaani silabi 16: ukwapi, nusu ya kwanza, kushoto, na utao, nusu ya pili, kulia. Vina vya kati vikipangana wima huacha mwanya katikati, na hapo ndipo ninapochonga shina la mti. Ukiniuliza shina hilo ni la mchoraji au la mtunzi, sijui nikujibu nini. Herufi nazo lazima zichongwe kigeugeu, kama zinavyoonekana kwenye kioo. Siku moja nilijisahau, nikaichonga d kama ilivyo. Nilipoibandua karatasi, “dua” imekuwa “bua”. Mizani haikuvunjika, maana ndiyo iliyovunjika, na ubao haufutiki. Nilikaa nao siku tatu nikiuchukia. Mwisho nikaanza ubao mwingine, nikautunga upya ubeti wote ulifuate lile bua, na bua lenyewe nikalichonga pembeni likiwa limeinama. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile.

Waandaaji wa onyesho moja waliitia kazi hiyo fremu ya kupendeza, kioo safi, kadi nyeupe pembeni. Nilipofika jioni ya ufunguzi nikakuta kadi imepandishwa hadi imeufunika ubeti mzima. Nikaambiwa maandishi yanawavuruga watazamaji. Mchapishaji naye, miaka miwili baadaye, alizitaka beti bila picha, kwa kuwa picha zinaongeza gharama. Tangu hapo nina wasifu wa namna mbili. Ule wa uchoraji una pengo la miaka mitatu, ule wa utunzi una pengo la mitano, na anayesoma mmoja tu hudhani nilikuwa nimelala.

Mwandishi wenu anamjua William Blake, mshairi na mchoraji wa Uingereza, bila shaka. Alianza kufundwa uchongaji akiwa na miaka 14. Baadaye akawa anaandika mashairi yake kinyumenyume juu ya bamba la shaba, kwa kimiminika kisicholiwa na asidi, pamoja na michoro yake. Asidi ikila shaba iliyo wazi, neno na picha vinabaki vimeinuka pamoja. Mkewe, Catherine, alimsaidia kupiga chapa na kutia rangi. Wanunuzi walikuwa wachache, hilo nalikubali. Lakini katika bamba lile, aachie lipi?

Rabindranath Tagore, mshairi wa India, alikwenda njia nyingine. Alikuwa na Nobel ya fasihi tangu 1913. Maneno aliyoyafuta kwenye miswada yake aliyaunganisha kwa wino mpaka yakageuka viumbe na nyuso, na mwaka 1930, mwaka aliotimiza miaka 69, picha zake zikaonyeshwa Paris. Uchoraji wake ulianzia kwenye makosa ya mtunzi. (Nalielewa hilo kuliko ninavyopenda kukiri.)

Ombi langu ni dogo. Mkichapisha kazi ya mtu wa namna hii, msiigawe, picha ukurasa wa sanaa na ubeti ukurasa wa mashairi, kama vile ni watu wawili. Na mwandishi wenu akipenda, nitamletea lile bua likiwa karatasi tupu, bila fremu, alisome mpaka chini.

Mchonga chapa na mtunzi,
msomaji wenu