Barua kwa mwanangu anayepiga picha usiku

Mwanangu kipenzi,

Assalamu alaykum. Sisi huku Tanga hatujambo. Bibi yako anakusalimu, kusi limeanza kulegea na wavuvi wanasema bahari itatulia karibuni.

Nimeusoma ujumbe wako na nimeona nikujibu kwa barua, maana kwa simu tungekatizana. Umeniuliza kama uache picha za usiku, ubaki na harusi na mahafali ya mchana ambayo yanakulipa. Mjomba wako amekwambia kuwa mtoto wa kike mwenye kamera shingoni saa saba usiku anajitafutia balaa, na wenzako wanakuuliza gizani unaona nini. Mwanangu, usiache. Harusi endelea nazo, kodi ya chumba lazima ilipwe. Lakini kazi ya usiku ishike, na mimi niliyesafisha filamu kwenye chumba cha giza tangu sijaolewa nina sababu zangu za kusema hivyo.

Mchana mwanga ni mwingi mno hata picha haidai muda wako. Unainua kamera, unabonyeza, umeondoka. Usiku muda ndio unaonunua picha. Mwezi mpevu, unaoona umeng'aa mpaka kuku wanachanganyikiwa, mwanga wake ni mdogo kuliko wa jua kwa karibu mara 400,000. Na mwezi ukiwa nusu, usidhani utapata nusu ya mwanga huo. Utapata kama sehemu moja ya kumi tu, kwa sababu jua likiupiga mwezi kwa ubavu, milima na mashimo yake hujaa vivuli. Kwa hiyo anayetaka kupiga picha kwa mbalamwezi husimamisha stendi yake, hufungua shata, ule mlango wa kamera unaoingiza mwanga, kisha hungoja.

Huko kungoja ndiko kunakonifanya niipende kazi yako. Mpigapicha wa mchana anaweza kupita Ngamiani yote juu ya bodaboda, toka barabara ya kwanza mpaka ya mwisho, akarudi na picha mia za watu asiowajua. Wewe huwezi. Utasimama mbele ya baraza ya watu, dakika zitapita, mwenye nyumba atatoka akuulize unafanya nini, utamsalimu, utamweleza, atakuletea kiti. Shata inapofungwa mnakuwa mmeshajuana.

Yuko mtu mmoja ambaye nilimsoma kwenye jarida tulilokuwa nalo studio, nikamkumbuka siku zote. Jina lake la kuzaliwa Gyula Halász, alitoka Brassó, mji ambao leo uko Romania, akahamia Paris mwaka 1924 na kujiita Brassaï kwa jina la mji wake. Alitembea Paris usiku na stendi yake na kamera iliyotumia vioo badala ya filamu. Hakuwa anapima muda kwa saa. Alipima kwa sigara. Mwanga ukiwa wa kutosha aliwasha Gauloise, na giza likizidi aliwasha Boyard, ambayo ni nene na huchukua muda mrefu zaidi kwisha. (Wewe usijifunze sigara kwake, hesabu kwa mdomo.) Alipenda ukungu na barabara zilizolowa mvua, maana ukungu hutawanya mwanga na maji huurudisha juu. Taa kali aliificha nyuma ya mti au nguzo ili isichome picha. Kitabu chake cha usiku wa Paris kilitoka miaka ya mwanzo ya 1930, na watu wa usiku waliomo humo wengi walijua kamera yake iko pale. Haiwezekani kumpiga mtu picha ya sekunde kadhaa bila yeye kukubali kutulia.

Filamu ilikuwa na ugumu wake. Ikiachwa wazi kwa muda mrefu huchoka: hesabu ikikupa sekunde kumi, yenyewe huenda ikataka ishirini au zaidi ya hapo. Kamera zenu za dijitali hazina uchovu huo, ila joto letu la Tanga huzijaza chengachenga, na unyevu wa bahari hutanda kwenye lenzi ukitoka tu chumba chenye kiyoyozi. Itoe kamera nje mapema ipate joto sawa na hewa.

Jambo la rangi utakuwa umeshaliona. Jicho letu gizani hupoteza rangi, kanga nyekundu na ya kijani zote huwa za kijivu, na huchukua nusu saa hivi kabla halijazoea vizuri. Kamera iliyoachwa wazi kwa dakika kadhaa huziona rangi zote. Penye mwezi, mbingu inakuwa ya buluu kama mchana, na nyota zimo ndani yake. Wapo wanaosema hiyo ni picha ya uongo. Mimi naona ni kweli ambayo jicho halina nguvu ya kuibeba. Bill Brandt, mpigapicha wa Uingereza, aliiacha kamera wazi hivyo London wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mji ulipozimwa taa kwa hofu ya ndege za Wajerumani na nyumba zikabaki na mwezi peke yake. Umeme ukikatika huku kwetu na mwezi uko juu, toka nje na stendi. Mabati ya Chumbageni usiku kama huo ni mazuri kuliko taa yoyote.

Kuhusu mbingu sitakufundisha, unajua kuliko mimi. Nakukumbusha tu usihangaike kuiga picha za Ulaya zenye nyota zilizozunguka duara kamili juu ya mlima. Sisi tuko karibu nyuzi tano kusini ya ikweta, na ile nyota ya kaskazini wanayoizungushia hatuioni kabisa. Ukigeukia kusini, upande wa Pangani, kitovu cha mzunguko kiko nyuzi tano tu juu ya upeo, kwa hiyo utapata nusu duara zinazochomoza toka ardhini. Ukielekea mashariki, baharini, nyota zinapanda karibu wima. Hiyo ndiyo mbingu yetu, ipige ilivyo. Na zile nyota nyingi zilizotanda kama vumbi, kiini chake katika miezi hii hupita juu sana mbinguni, jambo ambalo mtu wa London hawezi kuliona akiwa kwao. Kwa lenzi ya milimita 24, sekunde 20 hivi zinatosha kabla nyota hazijaanza kuvutika. Buluu ile nzito unayoipenda huku kwetu ni fupi: iko baina ya adhana ya magharibi na ya isha, na hudumu kitambo kidogo tu. Sala ya magharibi iswali mapema.

Sasa nije kwenye lile linalonikaa moyoni.

Unajua kuwa nchi yetu imo katika historia ya picha za usiku tangu zamani sana? Alikuja Mjerumani mmoja, Carl Georg Schillings, wakati tukiwa koloni lao. Alizunguka nyika za Wamasai na huko Kilimanjaro akiwa na bunduki, na pia na unga wa magnesi unaolipuka na kutoa mwanga mkali. Aliwavizia simba, fisi na pundamilia usiku, wengine wakija majini na wengine wakivutwa na mnyama aliyefungwa kamba, akalipua unga wake, akapata picha ambazo hazikuwahi kuonekana. Kitabu alichokitoa mwaka 1905 kilishangaza watu wa kwao, na jina la kitabu hicho limeweka flashi na bunduki pamoja. Picha zile nimeziona. Sina neno na ustadi wake. Lakini kila mnyama mle amenaswa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na habari. Na nikiwatazama wapiga picha wa usiku waliokuja baadaye naona wengine walifanya vivyo hivyo kwa binadamu. Weegee wa New York alikuwa na redio ya mawimbi ya polisi ndani ya gari, anafika penye maiti watu hawajafunga midomo kwa mshangao, flashi usoni. Picha zake zina nguvu. Sitaki uzipige.

Wewe hukuniona nikifanya kazi yangu, kwa hiyo nikueleze. Studio yetu ilikuwa na wapiga picha wanaume, mimi nilikuwa wa ndani, wa kusafisha. Lakini zilipokuja shughuli za wanawake za usiku, singo, kesha la bi harusi, ngoma za ndani ambazo mwanamume haingii, nilipewa kamera mimi. Humo ndani wanawake wamevua mabuibui, nywele ziko wazi, udi unafuka, mashangazi wanacheza kama hawajawahi kuzaa. Nikipiga flashi wanacheka na kusogea mbele ya kamera. Kisha kazi inaanza: filamu hiyo hakuiona mtu mwingine. Niliisafisha mwenyewe, mlango nimefunga, nikachapa idadi iliyotakiwa, na negativu nikamkabidhi mama wa bi harusi mkononi, haikubaki hata moja studio. Ndiyo maana niliitwa tena na tena. Wapo wanawake wa mji huu ambao hawakuwahi kuniambia asante, ila binti zao walipoolewa, walinitumia mtu.

Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema flashi ni ufidhuli kila ipigwapo. Mtazame Malick Sidibé wa Mali. Miaka ya 1960, nchi ikiwa imepata uhuru juzi, vijana wa Bamako walikuwa na vilabu vyao vya kucheza muziki, na yeye Jumamosi usiku alihama toka sherehe moja kwenda nyingine na flashi yake. Kisha alichapa picha ndogondogo, akazibandika nje ya studio yake mtaa wa Bagadadji vijana waje kujitafuta na kuchagua. Picha yake ya usiku wa Krismasi mwaka 1963, kijana wa suti na msichana aliye peku wakicheza huku vichwa vimekaribia kugusana, hakuna aliyenaswa mle. Walimtaka awepo. Mwaka 2003 alipewa tuzo ya Hasselblad, na 2007 huko Venice akapewa Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake yote. Tanga nayo ilikuwa na usiku kama huo, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz wakipiga, Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, na ukitafuta leo picha za watu waliokuwa wakicheza utazipata chache, nyingi zimeozea kwenye masanduku ya chini ya vitanda. Hilo linaniuma.

Kwa hiyo wazo lako la kuja kuwapiga picha wavuvi wa dagaa nimelifurahia sana. Ila lipange kwa mwezi. Dagaa huvuliwa kwenye giza, maana taa za wavuvi haziwavuti samaki bahari yote ikiwa nyeupe kwa mbalamwezi. Ukija mwezi umejaa utawakuta wanashona nyavu. Njoo siku za giza, zisizo na mwezi, zikiwa zimeanza. Zamani walitumia karabai, mwanga wake ulikuwa wa njano na nyuso zilipendeza. Siku hizi wengi wana taa za betri, nyeupe kali, zitaunguza picha usipoziweka nyuma ya mtu. Chomboni stendi haina kazi, maji yanakusukasuka. Piga za muda mfupi huko, zile ndefu zipige ukiwa nchi kavu, taa zao zikiwa mstari kwenye upeo.

Na usiishie kwa wanaume. Vyombo hurudi alfajiri, na wanawake wanakuwa wameshakoka moto ufukweni, masufuria yamechemka maji ya chumvi, wanangoja dagaa wawatose. Kuni, moshi, mvuke, nyuso zinazowaka upande mmoja. Pale mtoto wa kike ana nafasi kuliko mwanamume yeyote mwenye kamera. Kaa nao kwanza, shika upawa, kamera ibaki mkobani mpaka wakuulize umebeba nini. Atakayefunika uso, mwache. Atakayekubali kisha asubuhi akaja kukwambia ameghairi, futa mbele yake na umwoneshe kuwa imefutwa.

Kwa usalama wako nimefanya haya. Mjomba wako, pamoja na maneno yake yote, amekubali kwenda kuzungumza na nahodha mmoja anayemfahamu, na yeye mwenyewe atapanda nawe. Mwenyekiti wa mtaa nimemwarifu utakuwa unatembea usiku, na walinzi wa maduka ukiwapita wasalimie, hao ndio wanaojua kila taa ya mji huu inawaka saa ngapi. Bandarini usielekeze lenzi bila kibali, hata kama taa za meli zinakuita. Kaa Raskazone, utaiona ghuba yote na Kisiwa cha Toten bila kuulizwa na mtu.

Njoo na betri za ziada na koti. Na kabla hujarudi, kila uliyempiga apate yake ya karatasi, usiwatumie kwa simu tu, wengine hawana simu za kufungua picha. Fundi wa kuchapa Ngamiani nimeshaelewana naye bei, zikifika ishirini anapunguza. Orodha ya majina iandike siku ileile, mimi nitazigawa zitakazobaki.

Wasalaam,
Mama yako