Barua ya wazi kwa Rais wa Zanzibar: majina ya Januari 2001

Mheshimiwa Dk. Hussein Ali Mwinyi,
Rais wa Zanzibar na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi.

Assalaamu alaykum.

Mheshimiwa, Januari 2001 ulikuwa mbunge mpya wa Mkuranga, ndiyo kwanza unaanza siasa. Hukuwa na amri juu ya askari hata mmoja aliyekuwa Pemba. Wakubwa wa wakati ule wamekwisha kustaafu, na baadhi yao wametangulia mbele ya haki. Kwa hiyo ninalokuomba halikugusi wewe kwa kosa wala kwa aibu, na ndiyo maana naona utaliweza kwa wepesi kuliko wote waliokutangulia pale Ikulu.

Naomba hivi. Tarehe 27 Januari ijayo uje Pemba. Uje na viongozi wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo, na wale wazee wa CUF, chama kikuu cha upinzani cha wakati ule, waliobaki hai, na majina ya watu waliouawa tarehe 26 na 27 Januari 2001 yasomwe hadharani, moja baada ya jingine, kwa kauli ya Serikali. Sina ombi jingine.

Kwa kuwa vijana wengi wa leo wamezaliwa baada ya siku hizo, niruhusu nikumbushe kidogo. Uchaguzi wa Oktoba 2000 uliharibika, CUF ikayakataa matokeo, ikaitisha maandamano ya tarehe 27 Januari kudai uchaguzi urudiwe na katiba iandikwe upya. Serikali ikayapiga marufuku. Siku moja kabla, Ijumaa, watu wawili walipigwa risasi wakafa nje ya msikiti wa Mwembetanga, mjini Unguja. Mmoja wao ni imamu. Asubuhi ya pili risasi zikalia huku kwetu, Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani. Tume aliyoiunda Rais Mkapa chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu maiti 31. Human Rights Watch walisema hawapungui 35. Watu zaidi ya 2,000 wakapanda mashua na ngalawa usiku, wakavuka hadi Shimoni, Kenya. Tanzania iliyokuwa imezoea kupokea wakimbizi wa wenzake, safari hiyo ikatoa wa kwake. Baadhi yao walipelekwa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, na wapo walioishia Mogadishu. Mtu anaacha mikarafuu yake Pemba anakwenda kutafuta usalama Mogadishu! Hata leo nikiyasema haya kwa wageni wanadhani natia chumvi.

Nasisitiza jambo moja kabla sijasahau. Askari polisi aliyeuawa Micheweni siku ile, naye asomwe. Alikuwa na mama.

Sasa, najua washauri wako watakwambia mambo haya yamekwisha kwa maridhiano. Hapo ndipo hasa ninapotaka tuzungumze, kwa sababu maridhiano yetu, ya CCM na CUF, nimeyafuatilia tangu yalipokuwa yanaitwa muafaka. Ule wa kwanza, Juni 1999, uliosimamiwa na Chifu Emeka Anyaoku wa Jumuiya ya Madola, haukufika hata uchaguzi uliofuata. Wa pili, Oktoba 2001, ulitiwa saini damu haijakauka vizuri, ukatekelezwa nusu. Wa tatu ulikwenda kufia Butiama, Machi 2008, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, wakakutana Ikulu, watu wawili tu, wakatoka wameshikana mikono. Siku chache baadaye Maalim alisimama kwenye viwanja vya Kibandamaiti akawaambia wafuasi wake kwamba CUF sasa inamtambua Karume kuwa ni Rais, na wakamzomea. Watu wake mwenyewe! Mimi nadhani lile ndilo jambo la kishujaa kuliko yote aliyoyafanya yule mzee. Kuwahutubia wanaokushangilia ni rahisi.

Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ya kuunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ikapita kwa asilimia 66.4, Katiba ikabadilishwa, na mwaka huohuo Dk. Shein akashinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim. Matokeo ya namna hiyohiyo, ya kupishana kwa nywele, ndiyo yaliyotufanya tusisalimiane miaka mitano baada ya uchaguzi wa 1995. Safari hii tukalala, tukaamka, maduka yakafunguliwa. Mimi mwenyewe niliamini tumefika.

Lakini angalia kilichofuata. Oktoba 2015 uchaguzi ukafutwa, mazungumzo ya Ikulu yakavunjika, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF, na Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikafa papo hapo. Na Agosti mwaka huo, kwenye maziko ya Mzee Aboud Jumbe, Rais wa zamani wa Zanzibar, pale msikiti wa Mushawar, Dk. Shein alimpa mkono Maalim Seif na Maalim akaukataa. Nchi nzima iliiona picha ile. Wapo waliomlaani Maalim, wapo waliompongeza. Mimi nilichokiona ni kwamba maridhiano yetu yote yalikuwa yamefungwa kwenye viganja vya watu wawili. Wakipeana tunasalimiana. Wakinyimana tunanuniana hadi kijijini, na watoto wetu pia.

Wewe mwenyewe Desemba 2020 uliupata mkono huo tena. Uchaguzi ulikuwa umeacha maiti mpya huku Pemba, na bado Maalim, sasa akiwa ACT-Wazalendo, akakubali kuapishwa kuwa Makamu wako wa Kwanza. Hazikutimia siku 75 akafariki, Februari 2021, tukamzika Mtambwe. Ukamteua Mheshimiwa Othman Masoud ashike nafasi yake, ukaheshimu Katiba. Hilo nalisema kwa haki yake. Oktoba 2025 tumekwenda tena kwenye masanduku, na tena upande mmoja umeyakataa matokeo. Hayo yenu ya vyeo na wizara nawaachia wenyewe. Kifungu cha 39 cha Katiba kinagawa nafasi, na kinagawa vizuri, lakini hakijawahi kumfanya jirani amtazame jirani usoni.

Nikutolee mfano wa kijiji kimoja upande wa Konde, jina nitalificha. Katika miaka ile ya baada ya 1995 kulikuwa na mzee wa CCM mwenye duka. Kijiji kikamsusa. Kibiriti cha shilingi kumi mtu alikifuata mwendo wa nusu saa, duka liko mbele ya mlango wake. Mkewe akafariki. Waliochimba kaburi ni wanawe na mashemeji waliotoka Wesha. Watu waliokula harusi zao kwa mkopo wa mchele wa mzee yule walikaa barazani wakaliangalia jeneza linapita, na hakuna aliyenyanyuka hata kulisindikiza hatua mbili. Nawajua baadhi yao. Ni watu wema, wanaswali, na hadi leo hawapendi kuulizwa habari hiyo.

Ikaja Januari 2001. Askari walipoingia kijijini walikuwa wanajua nyumba za kugonga. Nani aliwaonyesha? Kila mtu akasema ni watoto wa mwenye duka. Hakuna aliyewaona, hakuna aliyewauliza. Kijana mmoja alivunjwa mkono kwa kitako cha bunduki, ukaunga kombo. Sasa ni mtu mzima, hawezi kukwea mkarafuu, na karafuu ndiyo kazi ya pale. Yeye na mtoto mkubwa wa mwenye duka wanaswali msikiti mmoja. Tangu 2009 wanasalimiana. Salamu ya mdomo tu, nyote mnajua ikoje. Mmoja anangoja aombwe radhi kwa mkono wake, mwingine anangoja aombwe radhi kwa maziko ya mama yake, na kila mmoja anaona yeye ndiye wa kuanzwa.

Utasema, kwa hiyo Rais afanye nini hapo? Hawezi kwenda kuamua ugomvi wa kila mtaa. Kweli. Lakini hawa wawili hawawezi kuanza kuzungumza juu ya siku ambayo Serikali yenyewe hainyanyui mdomo kuitaja. Siku dola itakaposema kwa sauti kwamba siku ile watu hawa waliuawa, na haya ndiyo majina yao, kijana yule hatalazimika tena kuthibitisha kwamba mkono wake ulivunjwa. Na mtoto wa mwenye duka atapata nafasi ya kusema lake bila ya kuonekana anatetea risasi.

Watakaokupinga watasema unatonesha kidonda. Mheshimiwa, Serikali yetu inajua vizuri sana kukumbuka wafu wake. Kila tarehe 7 Aprili tunakwenda Kisiwandui kumsomea khitma Mzee Abeid Karume, Rais wetu wa kwanza, aliyeuawa 1972, na ni siku ya mapumziko nchi nzima. Sijawahi kusikia mtu akisema tunatonesha kidonda. Tarehe 12 Januari tunapiga gwaride, siku 15 tu kabla ya ile ninayokuombea. Wafu wa 2001 nao huombewa, lakini dua yao imekuwa dua ya chama, na ikishakuwa ya chama basi mwana-CCM hawezi kwenda hata kama aliyeuawa ni mtoto wa shangazi yake. Kwa hesabu ya udugu wa Pemba, wana-CCM wa namna hiyo si haba.

Watasema pia: ukianza 2001, kesho utaulizwa 1964, na keshokutwa Juni 1961. Waulize. Katika ghasia za uchaguzi za Juni 1961 walikufa watu 68, na mkoloni, pamoja na ukoloni wake, aliunda tume ikachunguza na ikaandika. Sisi tumeshindwa na yeye? Hata Mzee Mkapa, ambaye mauaji yalitokea yeye akiwa Rais na yuko nje ya nchi, aliyaandikia kwa majuto katika kumbukumbu zake alizozitoa 2019, chini ya mwaka mmoja kabla ya kufariki. Amiri Jeshi Mkuu amejuta kwa maandishi. Sielewi kwa nini shehani kwetu bado tunayanong'ona.

Na nimetaja shehia kwa makusudi. Sheha, kiongozi wa Serikali katika shehia, ndiye Serikali tunayoijua. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kinapita kwake, na bila ya kitambulisho hakuna kura. Mwaka 2009, miezi michache tu kabla ya mkono wa Ikulu, uandikishaji wa wapiga kura ulisimama huku Pemba kwa sababu hiyohiyo. Ami yangu mmoja, aliyezaliwa palepale na kuoa palepale, aliambiwa na sheha wake kwamba hamjui. Walisoma chuo kimoja cha Kurani! Sasa siku hiyo ya majina, naomba masheha waje, wakae mbele pamoja na wakuu wa wilaya, wasikilize kama sisi. Wasipewe kipaza sauti.

Sijaomba mtu afungwe. Sijaomba fidia katika barua hii, ingawa wenye kuidai wana haki yao, nao wataandika barua zao. Orodha si tatizo: Tume ya Mbita ilifanya kazi yake, familia zipo, makaburi yapo. Ofisi yako ikiziita familia mwezi mmoja kabla, majina yatapatikana na yatahakikiwa, pamoja na jina la baba na kijiji. Ningependa wasomaji wawe wawili, mmoja wa upande wako na mmoja wa upinzani, wapokezane. Hotuba zisiwepo. Au iwepo moja, yako, na iwe fupi. Sisi Wapemba tumesikia hotuba za kutosha. Nguo za vyama, za kijani na za zambarau, zibaki nyumbani.

Kama hofu ni usalama, Uwanja wa Gombani unatosha na una uzio. Kama hofu ni kwamba huenda jina fulani likasahaulika, basi mwenye marehemu atasimama alitaje mwenyewe, na polisi waambiwe mapema wamuache.

Wasalaam,
Mwananchi wako,
Wete, Pemba