Shangazi, nibaki hapa au nimfuate mwenzangu kwenye chuo cha kamera?

Shikamoo Shangazi.

Nimekuwa nikikusoma tangu niko sekondari, na siku zote wanaokuandikia niliwaona ni watu wa ndoa zilizoharibika na madeni yasiyolipwa. Sikutegemea kwamba na mimi siku moja nitakuandikia, tena kuhusu kamera. Lakini usingizi umenipaa, na fomu iliyo mezani kwangu inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo.

Nina miaka 22, niko mwaka wa tatu kati ya minne. Nasomea utayarishaji wa filamu na video katika chuo cha sanaa huria. Jina hilo linawachanganya wengi. Mama yangu bado anawaambia watu nasomea uchoraji. Ni chuo kidogo ambacho mwanafunzi ana fani yake kuu, lakini hapewi shahada mpaka apite pia kwenye sayansi, historia, lugha, falsafa na hesabu. Kwetu ni kozi 32 kwa miaka minne. Za filamu ni 11, na kati ya hizo karibu nusu ni za kukaa kwenye kiti: historia ya sinema, nadharia, uandishi wa skripti. Kamera yenyewe niliishika muhula wa tatu. Wakati huo nilikuwa tayari nimeshafaulu mtihani wa jiolojia.

Nina mwenzangu ambaye tulianza naye siku moja. (Si mchumba Shangazi, usianze.) Yeye ni jicho, mimi ni meza: yeye anashuti, mimi naongoza na kuhariri. Tumetengeneza filamu fupi nne. Sasa amechoka. Anasema tunasomeshwa kuizungumzia filamu badala ya kuitengeneza. Ameomba nafasi kwenye chuo cha ufundi wa filamu, ambako kuanzia wiki ya kwanza unavuta nyaya na kubeba taa mpaka usiku, na amekubaliwa. Fomu iliyo mezani kwangu aliileta yeye, tena ameshanijazia jina na tarehe ya kuzaliwa. Chuo hicho kitazitambua kozi zetu chache tu, kwa hiyo tutarudi karibu na mwanzo. Yeye hilo halimsumbui.

Ningemcheka, kama si kilichonipata likizo iliyopita.

Nilipata kibarua cha siku tatu kwenye seti ya tangazo la biashara, kazi ya kusaidia watu wa taa. Asubuhi ya kwanza mkuu wa kikosi akaniambia nisimamishe si-stendi, ile stendi ya chuma yenye miguu mitatu inayobeba taa, mabango na vitambaa. Nikaisimamisha. Nikaweka mfuko wa mchanga pale nilipoona pana nafasi. Akaja, hakusema neno, akaigeuza yote. Baadaye kijana mmoja mdogo kuliko mimi, wa mwaka wa kwanza kwenye chuo cha ufundi, ndiye aliyenieleza kwa huruma: miguu ile haina urefu sawa, ule mrefu unaelekezwa upande wenye mzigo, na mfuko wa mchanga unalala juu ya mguu huohuo. Ukikosea, stendi inaanguka na taa ya moto inamwangukia mtu. Na ile ngumi ya juu inayoshika mkono wa stendi inakaa kulia, ili uzito ukivuta chini uikaze badala ya kuilegeza.

Shangazi, mimi ningeweza kumwandikia yule kijana kurasa kumi kuhusu jinsi kivuli kinavyotumika katika sinema za Ujerumani za miaka ya 1920. Kuweka mfuko wa mchanga sikuweza. Kwa siku mbili zilizobaki nilipewa kazi ya kuzuia watu wasipite.

Hilo moja. La pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapo siwezi kudai kwamba sikufundishwa.

Mwaka jana nilikwenda peke yangu kumhoji mtu kwa ajili ya filamu ya maelezo. Chumba kilikuwa na taa za tyubu za zamani na dirisha kubwa. Dirisha likawa linaunguza picha, nikapandisha shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga kwa kila picha, hadi 1/200 ya sekunde ili mwanga upungue. Kwenye kioo kidogo cha kamera kila kitu kilionekana safi. Nilipofika kwenye kompyuta, nikakuta mistari ya giza inapanda usoni kwa yule mtu, taratibu, kama maji yanayojaa kwenye pipa. Saa nzima ya mahojiano. Nikampigia mwenzangu. Hata sentensi sikumaliza: "Ungeweka 1/50, dirisha ulizibe pazia." Akakata simu, alikuwa anakula.

Sasa sikiliza. Muhula uleule nilikuwa nasoma fizikia ya mwanga na sauti, kozi ya lazima, na nilipata A. Kwenye mtihani niliandika kwa mkono wangu kwamba umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huifanya taa ya aina ile iwake na kufifia mara 100 kila sekunde, na wa mizunguko 60, mara 120. Maana yake shata ikifunguka kwa muda usiolingana na mapigo hayo, kila fremu, yaani kila picha moja ya video, inadaka kiasi tofauti cha mwanga. Jibu lilikuwa kichwani mwangu! Lilikaa kwenye droo ya fizikia, na kamera ilikuwa kwenye droo nyingine, na hakuna mwalimu hata mmoja aliyewahi kuzifungua droo hizo mbili kwa pamoja. Mwenzangu naye nilipomuuliza kwa nini ni 1/50, akasema, "Ndivyo inavyowekwa." Sijui nani kati yetu alinichosha zaidi siku ile.

Nikimsikiliza yeye, hapo ndipo kesi inapofungwa, nijaze fomu. Lakini kuna jambo moja linanizuia mkono.

Kwenye kozi ya anthropolojia tulifundishwa kuhoji. Mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukamwigiza: mtu akimaliza kujibu, usimrukie na swali jingine, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Muhula uliofuata nilimrekodi mama mmoja anayefanya usafi usiku kwenye jengo la ofisi. Nilimuuliza kama kazi ile inamchosha. Akasema hapana, ameizoea. Nikanyamaza. Mwenzangu, aliyekuwa kwenye kamera, alishaanza kunyoosha mkono ili asimamishe kurekodi, nikamshika kiwiko. Nikafika saba. Yule mama akatazama ndoo yake, akasema kwamba kinachomchosha ni watu wanaochelewa ofisini na kumpita bila salamu, kwa hiyo amejizoesha kujisalimia mwenyewe anapofungua kila chumba. Filamu nzima ikawa ni hiyo. Kabla hatujaondoka niliomba sote tunyamaze sekunde 30 ninase ukimya wa kile chumba, kama tulivyofundishwa kwenye sauti, na kwenye uhariri ukimya huo ndio nilioutandaza chini ya maneno yake.

Mwenzangu anasema jambo hilo ningejifunza kwa video ya dakika tano. Labda. Jaribio la Kuleshov pia nililisoma, yule Mrusi wa zaidi ya miaka mia iliyopita aliyeuchukua uso uleule wa mwigizaji, akaupanga mara na bakuli la supu, mara na jeneza, watu wakaona njaa hapa na huzuni pale. Hilo nalo ni la dakika tano. Lakini kulijua si sawa na kubishana juu yake kwa wiki tatu na watu wa saikolojia na falsafa ambao hawajawahi kuhariri chochote na wanauliza maswali ya kijinga yanayogeuka kuwa ya maana.

Nilikwenda kwa mwalimu wangu mlezi. Akanipa majina ya waongozaji maarufu wa filamu, kama walimu wote: Christopher Nolan alisoma fasihi ya Kiingereza pale University College London, Terrence Malick alisoma falsafa Harvard. Nikatoka nimevimba kichwa. Kisha nikakaa nikafikiri. Kwanza, wale waliosoma falsafa wakaishia kukosa hata kazi ya kushika maiki hawatajwi na mtu. Pili, Malick baada ya Harvard alikwenda kusomea filamu American Film Institute. Hiyo nusu ya pili mwalimu hakuisema. Ina maana huenda kuna njia ya tatu, nimalize hapa halafu nitafute shahada ya pili ya filamu, lakini hiyo ni miaka mingine na ada nyingine, na baba alishaniuliza kama hii filamu ina mwisho.

Na kuna filamu ya kuhitimu. Mwaka wa nne kila mmoja wetu anatengeneza filamu yake, dakika 15 hadi 20, ndiyo kazi utakayomwonyesha mtu anayetaka kukuajiri. Yetu tulishaipanga. Akihama, nabaki na skripti bila jicho. Kamera nzuri ziko mbili kwa chuo kizima, unazipata kwa kuandikisha jina, saa 48 halafu unarudisha. Kikosi ni yeyote utakayembembeleza. Mara ya mwisho maiki yetu ilishikwa na mwanafunzi wa kemia, kijana mwema sana, ambaye mkono ulipomchoka aliuegemeza ule mti wa maiki begani, na kivuli chake kikakaa ukutani kwa shoti nne. Kwenye chuo cha ufundi, naambiwa, darasa zima ndilo kikosi, na kila mtu anajua pa kusimama.

Nimeandika mpaka hapa nikidhani nakueleza habari za vyuo viwili. Nikisoma nilichoandika, naona kuna kitu nimekizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ufadhili wangu wa masomo ni wa chuo hiki, hauhami. Huko nitakwenda kwa mkopo. Hilo nimelijua tangu siku ya kwanza, na sikulitaja hata kwa mwenzangu, kwa sababu nikilitaja mjadala unakwisha na mimi sitaki ukwishe.

Na kingine. Ile siku ya mistari usoni ndiyo siku pekee katika miaka mitatu niliyoshuti bila yeye. Kila tulipopata kamera, aliishika yeye, na mimi nilifurahi. Kozi ya kamera nilifaulu kwa kazi za kikundi. Kwa hiyo ninaposema chuo hakikunifundisha vifaa, sijui nasema ukweli kiasi gani. Vifaa vilikuwepo, vichache, lakini vilikuwepo, na daftari la kuvikodi lina jina lake kurasa nzima. La kwangu limo mara mbili. Nilikwenda juzi nikahesabu.

Mwenzangu hajui kama nimehesabu. Anadhani ninachelewa kwa sababu ya woga wa kuhama. Kila asubuhi ananitumia ujumbe wenye neno moja: "Fomu?"

Sasa Shangazi, nisaidie, na usinipe jibu la "fuata moyo wako", kwa maana moyo wangu uko pande zote mbili. Nikibaki, nimebakiwa na miezi minne ya kujifunza kamera kabla ya kuanza kushuti filamu ya kuhitimu. Nimefikiria kujiandikisha kwenye lile daftari kila wiki, na kumwomba yule mkuu wa kikosi cha taa anipokee tena likizo ijayo, hata kwa kazi ya kubeba mifuko ya mchanga. Je, mtu wa aina hiyo, aliyeniona siku ile, anaombwaje? Nimwandikie, au niende nisimame mlangoni kwake? Na huyu mwenzangu, nimwambie habari ya ufadhili kwanza, au habari ya daftari? Naogopa nikianza na ufadhili atasema "pole" na yatakwisha, na hatajua kamwe kwamba kwa miaka mitatu nilijificha nyuma yake. Nikianza na daftari, atanicheka, halafu atanifundisha, maana ndivyo alivyo, na ataondoka akiwa ameniachia hata wiki mbili za mazoezi.

Nijibu kabla ya Ijumaa kama unaweza.

Ni mimi,
Binti wa Mfuko wa Mchanga